Herufi Moja Niliyomwongezea Bibi Mariamu

Jumamosi, wiki ya pili ya Novemba. Gasenyi, alasiri.

Mvua ilianza kabla ya adhuhuri na mpaka sasa haijaamua kama itaendelea au itaacha. Mimi pia sijaamua kitu. Nimejifungia chumbani, nimewaambia watoto kwamba nasahihisha mitihani, na mitihani yenyewe iko mezani haijaguswa. Kichwa kinaniwanga. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu yeyote wa familia leo, habari itakuwa imefika Buyenzi kabla sijamaliza sentensi. Blogu hii familia yangu haiisomi. Wanasema mimi huandika mambo marefu.

Wachache mnaonifuata mnajua kwamba tangu mwaka jana nahangaika kutafuta historia ya ukoo wetu. Kwa asiyejua, mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Bujumbura. Sisi ni Waswahili wa Buyenzi, Waislamu wa mjini, wale ambao wazee wao walikuja kwa njia ya ziwa kutoka Ujiji. Nyumbani tumekuzwa na jina moja: Zuhura. Bibi mkubwa, mwanamke mwenye nyumba yake, mwenye watu, mwenye heshima zake. Sisi ni watu wa Zuhura. Hivyo ndivyo tulivyojitambulisha siku zote, misibani na harusini.

Na kuna wengine, ambao si watu wa Zuhura.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyerithi jina hilo. Naye ni Zuhura. Ana miaka sabini na kitu, ana presha, na ana msemo wake mmoja anaoutumia kuupanga mji mzima: "Siye tulikuya. Bale baliletwa." Sisi tulikuja kwa miguu yetu, wale waliletwa. Ukimwuliza nani aliwaleta, anakuangalia kama umetukana. Wanaoletwa ni watu waliobebeshwa mizigo, walionunuliwa, waliozaliwa uani kwa watu wengine. Kwa Shangazi Zuhura hilo halifutiki hata vipite vizazi kumi.

Kesho saa nane mchana, watu wa Amisi wanakuja kumposa Rehema.

Rehema ni binti wa kaka yangu, Mungu amrehemu. Nimemlea tangu akiwa na miaka tisa, ananiita Tanti, na sasa ni mkubwa kuliko nilivyokuwa mimi siku ile alipoingia kwangu na mfuko wake wa nguo. Amisi ni fundi wa magari, ana garaji ndogo Mutakura. Ni kijana mtulivu, anayenawa mikono mara tatu kabla ya kumsalimia mtu mzima na bado unaona aibu yake ya grisi kwenye kucha. Babu yake alitokea ng'ambo, upande wa Kongo. Tajiri mmoja alimleta hapa kubeba mizigo bandarini. Alimleta. Neno hilo moja limetosha.

Kaka yangu hayupo, baba hayupo. Mkubwa wa upande wetu ni Shangazi. Akisema hapana, binamu zangu wote huanza kuangalia viatu vyao.

Lakini Shangazi hataki kusema hapana kwa ukali. Yeye ni mtu wa adabu. Mpango wake ni huu: wageni wakae, wale, wanywe, kisha mimi, msomi wa familia, nisimame niwasomee karatasi ya ukoo niliyoiandika. Kutoka Zuhura mpaka Rehema, jina kwa jina. Wakishasikia, wataelewa wenyewe kwamba mlango huu si wao, na wataondoka kwa heshima. Kwa maneno mengine, silaha ni mimi.

Na mimi, silaha, nilikubali. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka kuungama. Sikukubali kwa sababu sipendi Amisi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa najivunia karatasi yangu.

Mtu ambaye hajawahi kutafuta historia ya watu kama sisi hawezi kujua taabu yake. Vitabu vya shule ninavyofundishia vina wafalme, vina wakoloni, vina vyama. Waswahili tumo ndani ya mstari mmoja au miwili, tunapita na biashara, kisha tunapotea. Nilianza na wazee, wakanipa majina matamu na hakuna hata mawili yaliyokubaliana. Nikaenda Rohero, kwenye chumba kimoja cha kumbukumbu ambako mzee mmoja mwenye koti la kijivu alinitolea masanduku ya kadi za wakati wa Wabelgiji, akapuliza vumbi, akaniambia nisiambie mtu kwamba aliniruhusu kula ndizi mle ndani.

Humo nilimpata Bibi Mariamu, mama yake babu yangu. Nilimpata mara mbili. Kadi ya kwanza, mahali pa kabila, imeandikwa kwa Kifaransa *arabisée*, yaani mwanamke aliyefanywa Mwarabu. Kadi ya pili, mwandiko mwingine, imeandikwa Manyema. Jina ni lile lile, mtaa ni ule ule, mtoto ni yule yule Ramadhani, babu yangu. Nilicheka peke yangu. Mtu mmoja, makabila mawili, na moja kati ya hayo si kabila, ni kitendo.

Nilidhani pale ndipo mkanganyiko ulipo. Kumbe nilikuwa bado.

Chanzo changu cha tatu ndicho kilichonipa furaha. Familia moja ya Buyenzi, ambayo babu yao alikuwa mwandishi wa ndoa, ina daftari lake kuukuu. Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Waliniruhusu kupiga picha kurasa sita kwa simu, nikiwa nimetawadha. Herufi nilijifunza madrasa, na nilikuwa nazisoma polepole kama mtoto, kidole juu ya kioo cha simu. Ukurasa wa nne: Mariamu. Kisha neno. Kisha Zuhura.

Nilipiga kelele. Nilimpigia Shangazi simu palepale nikiwa barabarani.

Neno lile la katikati, nitalieleza vizuri kwa sababu kila kitu kimo ndani yake. Nililisoma nikaona *mzalia wa*. Mariamu mzalia wa Zuhura. Nikasema, mwandishi amekosea, alitaka kuandika *mzaliwa*. Imepungua herufi moja tu, waw, ile w ya Kiarabu. Tena nikampatia na sababu: neno linalofuata linaanza na waw, basi kalamu imeunganisha mbili ikaandika moja, kama wanafunzi wangu wanavyofanya wakiharakisha. Nikajiona mjanja. Nikairudisha waw yake mahali pake, nikachapa kwenye karatasi: Mariamu, mzaliwa wa Zuhura. Mtoto wa Zuhura. Nimepata ushahidi wa maandishi, Shangazi, hatutii chumvi, sisi kweli ni watu wa Zuhura!

Kila mwaka mwezi wa tisa naandika ubaoni, kwa chaki kubwa, kwamba chanzo hakisahihishwi. Kikiwa na kosa, unanakili kosa, maoni yako unayaweka pembeni. Nimewahi kumnyima mwanafunzi alama tatu kwa jambo hilo.

Mjue pia masikio yetu yalivyo. Sisi wa Bujumbura hatusemi kuzaa. Tunasema kuzala. Amezala mutoto, walimuzala Uvira. Mtu akikwambia fulani ni muzalia wa fulani, sikio lako halitafuti mbali, linasikia aliyezalwa na fulani, basi. Hata kama ningeliacha neno lilivyo, nisingeona kitu. Lakini nisingekuwa na hatia niliyo nayo.

Alhamisi nilikuwa Mutakura kununua kitambaa cha kesho. Hununua kwa Bi Mwanaidi siku zote. Ni mama wa Pangani, Tanzania, aliyeolewa huku zamani na bado anasema Kiswahili chake cha pwani kana kwamba ameshuka leo asubuhi. Mumewe alifariki, akabaki na vitenge na ulimi. Nilikuwa na furaha, nikamsimulia habari za daftari, nikamwonyesha hata picha. Nilitaka anisifu. Nikamwambia, tazama mwandishi huyu alivyokosea, kaandika mzalia badala ya mzaliwa.

Akaacha kukunja kitenge.

"Mzalia wa wapi?"

"Si wa wapi. Wa Zuhura. Ni jina la mtu."

"Mwalimu," akasema, na sauti ikashuka, "mtu akiwa mzalia wa Pangani, sawa, kazaliwa Pangani. Hata mimi. Lakini mzalia wa mtu? Huyo hakukosea, huyo kaandika alichokijua. Mzalia wa mtu ni yule ambaye mama yake kanunuliwa, yeye kazaliwa humo humo ndani. Ni wa nyumba, lakini si wa tumbo." Kisha akaangalia kushoto na kulia. "Ni nani wako huyo?"

Nikasema ni mtu wa utafiti tu.

Nimemkana bibi yangu mbele ya vitenge, kwa sekunde moja, bila hata kufikiri. Hilo ni la pili ninaloliungama.

Nilirudi nyumbani nikaitazama picha upya. Na sasa ndipo inapouma. Mstari wa juu yake, mkono ule ule, wino ule ule, umeandikwa: Asha *binti* Zuhura. Nilikuwa nimeuona mstari huo tangu siku ya kwanza. Nilifurahi hata, nikasema, kumbe Bibi Mariamu alikuwa na dada. Mwandishi alijua neno la mtoto wa Zuhura ni lipi. Alilitumia. Kisha akashuka mstari mmoja, akafika kwa Mariamu, akatumia lingine.

Ijumaa asubuhi nilifungua kamusi kubwa ya shule, ile ambayo tunaifungia kabatini. Maana zote mbili zimo, moja chini ya nyingine. Niliikalia ile kamusi mpaka kengele ikalia mara mbili, na wanafunzi wa darasa la pili wakaanza kupiga meza.

Sijui niseme nilihisi nini. Kwanza aibu. Ndiyo, aibu, mimi mwenyewe, mwalimu, ambaye hufundisha saa nne nzima juu ya biashara ya watumwa na kuwaambia vijana kwamba aibu ni ya aliyenunua. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa mtandio sokoni. Halafu nikaona aibu ya kuona aibu. Halafu hasira, kisha sikujua nimkasirikie nani. Wabelgiji na kabila lao la kitendo? Zuhura? Mwandishi wa daftari alikuwa mkweli kuliko sisi sote.

Na kuna jambo jingine, ambalo ni gumu kuliandika. Katika nchi hii swali la ubwoko, la wewe ni wa kundi gani, mara nyingi haliulizwi kwa mdomo. Linaulizwa kwa macho, kwa pua, kwa kukuuliza babu yako alitoka kilima gani. Maisha yangu yote jibu langu lilikuwa Zuhura. Sisi si wa hapa wala pale, sisi ni wa Ujiji, ni watu wa Zuhura. Jibu hilo liliniokoa siku ambazo watu wengine hawakuwa na jibu. Sasa nauliza: mama yake Mariamu alinunuliwa wapi? Ng'ambo ya ziwa, Manyema, kama kadi inavyosema? Au hapa hapa, kwenye vilima ninavyoviona kutoka dirishani? Inawezekana mimi ni wa hapa kuliko wote. Inawezekana si wa popote. Kichwa kinazunguka kama feni ya mwalimu mkuu.

Jana jioni nilimwambia Rehema. Nilidhani atafurahi. Nilijiambia, huyu mtoto nampelekea zawadi: Bibi yake, yaani Shangazi, hana tena cha kumkatalia Amisi, maana sisi na wao tumeletwa sote. Alikuwa anasuka nywele mbele ya kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakugeuka.

"Apana, Tanti. Usiseme ivyo mbele ya watu ya Amisi."

"Kwa nini? Si ndiyo itakayokusaidia?"

"Mi sitaki wanikubalie ju siye wote tuko chini. Nataka Bibi amuangalie Amisi. Amisi mwenyewe. Anafanya kazi, anasali, ananipenda. Ile haitoshe?"

Akasuka mstari mwingine mzima. Kisha akauliza, taratibu tu, kama mtu anayeuliza bei:

"Na mama ya Mariamu, alikuwa anaitwa nani?"

Nimeulizwa na wazee, na mzee wa kadi, na Bi Mwanaidi. Nimejiuliza mwenyewe mwaka mzima. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

Hana jina. Nimerudi kwenye kadi zote mbili, nimerudi kwenye kurasa zote sita. Kwenye kadi, mahali pa mama pana mstari wa kalamu tu; kwenye daftari pana Zuhura. Kila mwaka, katika mwezi wa Shaabani, ukoo wetu unafanya hitima. Tunachinja, tunasoma Qurani, tunapika, tunamwombea Bibi Zuhura kwa jina lake mbele ya jamaa waliotoka mpaka Kigoma. Nimekuwa nikipika hapo tangu nina miaka kumi na mbili. Tunamrehemu kila mwaka mwanamke aliyemmiliki bibi yetu, tunamwita mama, na yule aliyembeba tumboni na kumnyonyesha hatujamsomea hata Fatiha moja.

Nililia jana. Sikulia kwa sababu ya utumwa, nadhani. Nililia kwa sababu ya ile hitima.

Sasa nifike leo asubuhi, kwa kuwa ndiyo inayonifanya niwe nimejifungia humu.

Nilikuwa nimeamua. Usiku niliichapa karatasi upya, nikaitoa ile waw yangu, nikaandika kama daftari linavyosema: Mariamu, mzalia wa Zuhura. Nilijiambia nitaenda Buyenzi, nitamsomea Shangazi, atashtuka, ataniuliza, nitamweleza. Nilijiandaa kwa machozi. Nilibeba hata dawa zake za presha za akiba.

Nilimkuta barazani amekaa mkekani na sinia kubwa, anachambua mchele wa pilau. Anawapikia pilau ya nguvu watu anaotaka kuwafukuza, na amekodi viti vya plastiki ishirini. Ndivyo alivyo. Nikambusu mkono, nikakaa, nikamwambia nimerekebisha kitu kidogo kwenye karatasi, nikaanza kusoma. Nilipofika kwa Mariamu nilipunguza mwendo. Nikasoma neno kwa neno.

Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Rudilia apo."

"Mariamu, mzalia wa Zuhura."

"Muzalia!" akasema. Uso wote ukafunguka. "Muzalia wa Zuhura! Eh, unasikia! Batu ya zamani balikuwa banajua kuandika. Ile ya kwanza ilikuwa baridi, mzaliwa, mzaliwa, sawa karatasi ya serikali. Iyi ndiyo Kiswahili. Muzalia!" Akalirudia tena na tena, akiupepeta mchele kwa neno lile. "Kesho ukifika apo, usome mara mbili. Mara mbili, Hadija. Basikie muzuri."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Akanishika mkono kwa vidole vyenye unga wa mchele, akasema, "We ndo mutoto ya Zuhura kabisa," na macho yake yalikuwa na maji. Tangu kaka yangu afariki sijamwona akiwa na furaha ile.

Nikanywa chai yake. Nikala na mandazi mawili. Nikaondoka.

Nimetembea mpaka kituo cha basi mvua ikininyeshea bila kufungua mwavuli, na mwavuli ulikuwa mkononi. Nilikuwa najiuliza swali moja la kijinga: je, nimesema kweli au nimedanganya? Nimesoma chanzo kama kilivyo. Sikuongeza herufi, sikupunguza. Mwalimu wa chuo angenipa alama zote. Na Shangazi amesikia kinyume chake kabisa, amesikia kwa sikio lile lile nililosikia nalo mimi wiki zote zile, na ameridhika kuliko mwanzo. Kesho atalitumia neno hilohilo kumwambia mjukuu wa mtu aliyeletwa kwamba hafai kuoa mjukuu wa mtu aliyeletwa.

Naweza kunyamaza. Karatasi itakuwa sahihi, hakuna atakayeweza kunishtaki. Bi Mwanaidi hatakuwepo. Rehema atalia kwa mwezi mmoja au mitatu, Amisi ataoa kwingine, Shangazi atakufa siku moja akiwa binti wa mtu mkubwa, na mimi nitaendelea kuandika ubaoni kwamba chanzo hakisahihishwi.

Naweza kusimama kesho mbele ya viti ishirini nikalieleza neno kwa sauti. Nimeifikiria picha hiyo na, nisiwe mwongo, kuna sehemu yangu iliyoipenda. Ingekuwa ni siku yangu. Lakini mama wa miaka sabini na kitu avuliwe jina lake mbele ya wageni aliowapikia, na mtoto aliyepandishwa mabegani mwake? Na Rehema ameniomba nisifanye. Mtu anayetumia Mariamu kama rungu, hata kwa sababu nzuri, anamtumia tena.

Hapo ndipo nilipokwama tangu saa sita mchana. Kila nikigeuka naona namkosea mwanamke mmoja: Shangazi, au Rehema, au Mariamu, au yule asiye na jina. Nimeandika kurasa mbili za sababu za kunyamaza, zote nzuri. Nimezisoma. Hakuna hata moja ambayo ningeikubali kwa mwanafunzi.

Nadhani kilichonichanganya ni kwamba nilikuwa naitafuta kweli kwenye masanduku, na nilidhani nikishaipata kazi imekwisha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuitamka mbele ya mtu anayempenda, kwa sauti safi, na isifike. Kuna Kiswahili cha daftari na kuna Kiswahili cha Shangazi yangu. Nimemsomea kwa kile ambacho nilijua hatakielewa. Nilijua, ndiyo. Nilipotoka nyumbani asubuhi sehemu moja ya moyo wangu ilijua, na ilikuwa imekwishafurahi.

Hilo ni la tatu. Ninadhani ndilo baya kuliko yote.

Mvua imeacha. Watoto wanagonga mlango, wanauliza kama mitihani imekwisha, maana wana njaa. Nitatoka sasa hivi.

Wageni wanakuja saa nane. Mimi nitakuwa Buyenzi saa mbili asubuhi, kabla binamu hawajaanza kupanga viti. Nitamwomba Shangazi tuingie chumbani kwake, sisi wawili tu, nitafunga mlango, nitamkalisha kitandani, nitahakikisha ameshameza dawa. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza. Anaweza kusema Bi Mwanaidi ni mchawi na daftari ni la uongo. Anaweza kunyamaza, nami nauogopa ukimya wake kuliko kelele zake. Kuhusu Amisi, ataamua yeye, kwa macho yake, kama Rehema anavyotaka. Karatasi sitaisomea wageni.

Alitaka mstari ule usomwe mara mbili. Nitausoma mara mbili. Mara ya kwanza kama mwandishi wa daftari alivyouandika. Mara ya pili kwa Kiswahili chetu, polepole, nikiwa nimemshika mkono:

Shangazi, Mariamu alikuwa mutumwa ya Zuhura. Mama yake, walimununua. Jina yake hatuijui.